UTI Isiyopona, Fangasi na Kichocho: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua zinazofika katika safu hii kuhusu maradhi ya njia ya mkojo na ya ukeni ni nyingi, na aghalabu zinaanza kwa maneno yaleyale: "Daktari, nina UTI sugu." Toleo hili nimelitenga kwa ajili ya barua hizo. Nimezifupisha na kuondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mwandishi, lakini maelezo ya dalili nimeyaacha kama yalivyokuja, kwa kuwa katika maradhi haya maelezo ya mgonjwa mwenyewe huonyesha njia kabla ya kipimo chochote.

Shikamoo Daktari. Nina umri wa miaka 31 na watoto wawili. Kwa miaka mitatu nasumbuliwa na UTI. Kila nikipima mkojo naambiwa una seli za usaha, nachomwa sindano kwa siku tano, napata nafuu kidogo, halafu muwasho unaanza upya, natokwa na uchafu mweupe mzito, na nikikojoa nasikia kuwaka moto. Sasa naambiwa ni UTI sugu na inahitaji dawa kali zaidi. Nifanye nini? (Mama wa wawili, Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba mama. Muwasho na uchafu mweupe ulioutaja ndivyo vinavyonifanya niamini kwamba unatibiwa ugonjwa usio wako. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, yaani mrija wa mkojo, kibofu na wakati mwingine figo, na uke haumo katika njia hiyo. Mwanamke aliyeambukizwa kibofu hubanwa na mkojo ghafla na mara kwa mara, hukojoa kidogo kidogo, huungua ndani kwa ndani mkojo unapopita, na huumwa chini ya kitovu; pengine mkojo huwa na damu. Hawashwi ukeni wala hatokwi na uchafu. Mwanamke mwenye dalili hizo za kibofu, asiye na muwasho wala uchafu wowote, uwezekano wa kuwa na UTI unapita asilimia 90. Lakini muwasho na uchafu vikiwepo, uke ndio unaopaswa kuchunguzwa kwanza.

Jiulize pia huko kuwaka moto unakusikia wapi. Ikiwa moto unauma mkojo ukishafika nje na kugusa mashavu ya uke yaliyovimba na kuchubuka kwa kujikuna, basi kibofu chako kinaweza kuwa kizima kabisa. Wanawake wengi ninaowauliza swali hili hunyamaza kidogo, wakafikiri, kisha wakaonyesha kidole nje.

Kuhusu seli za usaha, hizo ni chembe nyeupe za damu zinazokwenda mahali penye uvimbe. Uke wenye fangasi unazo tele, na mkojo ukipita hapo unazikokota hadi kwenye kikopo, kwa hiyo karatasi ya maabara inasema usaha upo na wewe unaandikiwa sindano. Ndiyo maana namna ya kuchukua mkojo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukipewa kikopo, jisafishe kwanza kwa maji, tenga mashavu ya uke kwa vidole vya mkono mmoja, anza kukojoa chooni, kisha kinga mkojo wa katikati bila kukatisha, na umalizie chooni. Usishike ndani ya kikopo wala kifuniko chake. Kipeleke maabara mara moja, kwa sababu mkojo ukisahaulika mezani katika joto la Dar es Salaam, bakteria wachache waliomo huzaliana humohumo kikoponi na majibu yanaharibika.

Kwa mtu aliyetibiwa mara nyingi kama wewe, kipimo cha kuangalia usaha peke yake hakitoshi. Omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara. Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili hadi tatu, nayo hueleza kama bakteria yupo, ni yupi, na dawa zipi bado zinamuua. Najua gharama yake ni kubwa kuliko ya kipimo cha kawaida, lakini ukijumlisha fedha za sindano za miaka mitatu utaona kwamba umekwisha kulipia vipimo vingi vya namna hiyo. Maambukizi ya kibofu huitwa ya kujirudia pale mtu anapoyapata mara mbili katika miezi sita au mara tatu katika mwaka, na yawe yamethibitishwa.

Dalili zako zinafanana na fangasi ya ukeni, inayosababishwa zaidi na kimelea kiitwacho Candida albicans: muwasho mkali, uwekundu, na uchafu mweupe unaoganda kama maziwa mgando, usio na harufu mbaya. Takriban wanawake watatu kati ya wanne huipata angalau mara moja maishani, na haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Antibayotiki haziui fangasi. Kinyume chake, zinaua bakteria wema wanaolinda uke, na fangasi wanapata nafasi ya kusambaa. Kwa hiyo naona mzunguko ufuatao: unawashwa, unachomwa sindano, bakteria wema wanakufa, fangasi wanaongezeka, unawashwa zaidi, na unaambiwa ugonjwa umekuwa sugu.

Nenda ukachunguzwe uke na uchafu huo utazamwe kwa hadubini. Ikithibitika ni fangasi, tiba yake ni nyepesi: klotrimazoli ya kuweka ukeni, ama kidonge kimoja cha miligramu 500 usiku mmoja, au vya miligramu 100 kila usiku kwa siku sita, au flukonazoli ya kumeza ya miligramu 150 mara moja, endapo huna mimba. Fahamu kwamba dawa za mafuta za kupaka na kuweka ukeni zinaweza kudhoofisha kondomu. Na kwa kuwa tatizo limekuwa likirudi, omba upimwe sukari na VVU, kwa sababu kisukari kisichojulikana na kinga iliyoshuka huifanya fangasi irudi kila mara. Ikirudi mara tatu au zaidi kwa mwaka, kuna utaratibu wa flukonazoli ya mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi sita, chini ya uangalizi wa daktari.

Niseme pia jambo linaloniumiza moyo. Seftriaksoni, sindano inayochomwa hovyo kwa jina la UTI, ni dawa tunayoitegemea kuokoa watu wenye homa ya uti wa mgongo na watoto wachanga wenye sumu kwenye damu. Kila inapotumika kwa muwasho wa fangasi tunawapa bakteria nafasi ya kuizoea. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa umeshafika wodini kwetu. Hata UTI ya kweli ya kibofu, kwa mwanamke asiye na mimba wala homa, mara nyingi hupona kwa nitrofurantoini ya kumeza kwa siku tano, bila sindano yoyote. Lakini ukipata homa na baridi kali, maumivu ya ubavuni au mgongoni chini ya mbavu, na kutapika, maambukizi yanaweza kuwa yamefika kwenye figo. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo.

Daktari, natokwa na majimaji ya kijivu yenye shombo la samaki, na harufu huzidi baada ya tendo la ndoa. Naona aibu mbele ya mume wangu. Nimetumia maji ya ndimu, shabu, na sabuni maalumu niliyouziwa mtandaoni. Harufu inaondoka siku moja, kisha inarudi kwa nguvu. (Msomaji wa Tanga)

Dada yangu, aibu hiyo weka kando, kwa maana harufu hii haitokani na uchafu wa mwili wala tabia mbaya. Uke wenye afya unakaliwa na bakteria wa jamii ya laktobasila, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa yakawa mtindi, nao hutengeneza asidi inayozuia vijidudu vingine visistawi. Idadi yao ikishuka, bakteria wengine waliokuwepo kwa uchache, akiwemo Gardnerella, huongezeka na kutoa kemikali zenye shombo. Shahawa zina hali ya magadi, hupunguza asidi ya uke, na ndiyo sababu harufu hupanda baada ya tendo la ndoa. Hali hii haina jina moja la Kiswahili lililozoeleka. Hospitalini utasikia ikiitwa vajinosisi ya bakteria, nayo ni tofauti na fangasi, kwa kuwa harufu ni nyingi na muwasho ni mdogo au haupo.

Ndimu, shabu, siki, chumvi, kitunguu saumu na sabuni za ukeni vyote vinafanya kazi moja, nayo ni kumaliza hao laktobasila waliobaki na kuchubua ngozi laini ya ndani. Unaposafisha sana, harufu inarudi upesi zaidi, nawe unazidi kusafisha. Sisemi uache usafi uliolelewa nao. Kutawaza kwa maji ya kawaida kunatosha sehemu za nje. Ndani uke hujisafisha wenyewe kwa ute wake, na hakuna kidole, sabuni wala mvuke unaohitajika kuingia humo. Anayependa udi afukize nguo na chumba. Wanaouza vidonge na lulu za "kusafisha kizazi" au "kubana uke" wanawauzia wanawake majeraha, na nimewaona wanaokuja baadaye wakiwa wamechubuka kiasi cha kushindwa kukaa vizuri kwenye kiti.

Tiba ni metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl: miligramu 400 asubuhi na 400 jioni, kwa siku saba. Vidonge vingi madukani ni vya miligramu 200, kwa hiyo vitakuwa viwili asubuhi na viwili jioni, baada ya kula. Inaacha ladha ya chuma mdomoni na huweza kuleta kichefuchefu. Kamilisha siku saba hata hivyo, na usinywe pombe katika muda huo. Usidharau ugonjwa huu kwa kuwa hauumi. Unaongeza hatari ya kuambukizwa VVU na magonjwa mengine ya zinaa, na kwa mjamzito unahusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Kurudi kwake ndiko kunakowakatisha tamaa wengi, kwa sababu zaidi ya nusu ya wanaotibiwa huupata tena ndani ya mwaka mmoja. Hadi karibuni tuliamini kwamba mume hahitaji dawa. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Australia ambamo kundi moja la wanaume walitibiwa pamoja na wenzi wao, kwa metronidazoli ya kumeza na krimu ya klindamisini ya kupaka uumeni, na kundi jingine walitibiwa wanawake peke yao. Ndani ya wiki 12 ugonjwa ulirudi kwa wanawake takriban 63 kati ya 100 pale mume alipoachwa, na kwa 35 kati ya 100 pale alipotibiwa. Ukiona unarudi tena, mwende kliniki wawili, mzungumze na daktari kuhusu tiba hiyo.

Je, ni kweli kwamba UTI inaambukizwa na vyoo vya umma, hasa mvuke unaopanda kutoka kwenye shimo? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Hapana, mwanangu. Bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya UTI ni Escherichia coli, anayeishi ndani ya utumbo wako mwenyewe. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa kama sentimita nne tu na mlango wake uko karibu na njia ya haja kubwa, hivyo safari ya bakteria kufika kibofuni ni fupi. Jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, na ukojoe baada ya tendo la ndoa. Choo kichafu hudhuru kwa njia nyingine: mwanafunzi anayekiogopa hujibana tangu asubuhi hadi jioni na huacha kunywa maji, na mkojo uliokaa muda mrefu ni makazi mazuri ya bakteria. Wako wauzaji sokoni na wasafiri wa mabasi ya mikoani wanaofanya vivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwahusu wanawake waliokuwa wakinywa maji kidogo na kupata UTI mara kwa mara. Walioongeza lita moja na nusu kwa siku walipata maambukizi kwa karibu nusu ya wale ambao hawakuongeza.

Daktari, nina mimba ya miezi saba. Kliniki wameniambia nina bakteria kwenye mkojo na wameniandikia dawa, lakini siumwi popote. Mama mkwe anasema dawa zitamdhuru mtoto. (Mjamzito, Morogoro)

Nampa heshima mama mkwe kwa kujali mjukuu wake, lakini katika jambo hili dawa ndiyo inayomlinda. Nje ya ujauzito, bakteria wanaokutwa kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili huwa hatuwatibu. Kwa mjamzito tunawatibu, kwa kuwa homoni za ujauzito hulegeza mirija inayotoka kwenye figo, na kizazi kinachokua huibana, hivyo mkojo huteremka polepole na bakteria hupanda kwa urahisi. Wasipotibiwa, hadi karibu thuluthi moja ya wajawazito wa aina hii wanaweza kupata maambukizi ya figo, na hayo humlaza mama hospitalini na kuweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati.

Ziko dawa zinazofaa. Sefaleksini na amoksilini yenye klavulanati hutumika katika vipindi vyote vya ujauzito. Nitrofurantoini hutumika pia, ila tunaiepuka wiki za mwisho karibu na kujifungua kwa sababu inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu ya mtoto mchanga. Usikubali siprofloksasini wala doksisaiklini, na ukienda duka la dawa useme wazi kwamba una mimba hata kama tumbo linaonekana. Maliza dozi, kisha mkojo upimwe tena kuthibitisha kwamba bakteria wametoka. Kwa fangasi ukeni katika ujauzito tunatumia klotrimazoli ya kuweka ukeni kwa siku saba. Flukonazoli ya kumeza huachwa.

Binti yangu ana miaka 15. Anakojoa damu mwishoni mwa mkojo, anawashwa na kutokwa na uchafu sehemu za siri. Zahanati walimtibu UTI mara mbili, hakupona. Mara ya tatu mhudumu mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba ameanza wanaume mapema. Mwanangu analia, anasema hajamjua mwanamume. Sisi tunalima mpunga. (Mama, Maswa, Simiyu)

Mama, mwamini mwanao, na umwambie leo kwamba unamwamini. Nimeisoma barua hii mara nyingi kuliko nyingine zote, kwa sababu damu mwishoni mwa mkojo kwa msichana anayeingia kwenye majaruba na kuchota maji lamboni ni kichocho mpaka kipimo kikatae. Katika mikoa ya Simiyu na Shinyanga, katika ukanda wa pwani, na visiwani Unguja na Pemba, kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa nyumbani, na mhudumu aliyekwepa kuuliza binti anaoga wapi amemkosea sana.

Kimelea chake kinaitwa Schistosoma haematobium. Konokono wadogo wa maji yasiyo na chumvi humlea, kisha vijidudu vichanga hutoka na kuogelea, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu, na hukua mwilini hadi kuwa minyoo inayokaa kwenye mishipa ya damu iliyozunguka kibofu. Minyoo hiyo huishi kwa miaka. Mayai yake yana mwiba. Mengine hutoboa kibofu na kutoka na mkojo, ndiyo ile damu, na mengine hukwama katika nyama ya kibofu, ya uke na ya mlango wa kizazi, yakaleta uvimbe, muwasho, uchafu na damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wana kichocho cha sehemu za uzazi, sehemu kubwa wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Wengi wao wametibiwa UTI na magonjwa ya zinaa ambayo hawana, na wengi wamesemwa maneno aliyosemwa binti yako.

Mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na uombe kwa jina mkojo upimwe mayai ya kichocho. Mkojo huo utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi, ikiwezekana baada ya binti kutembea kidogo, na akinge hadi matone ya mwisho, kwani humo ndimo mayai mengi yamo. Hapa maelekezo yanatofautiana na yale niliyompa mama wa Tabata, kwa hiyo yasichanganywe. Kipimo kimoja kisipoona mayai, kirudiwe siku nyingine.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, humezwa mara moja baada ya chakula. Anaweza kupata kizunguzungu au maumivu ya tumbo kwa saa chache. Dawa huua minyoo iliyokomaa, lakini haiui ile michanga, kwa hiyo huenda akahitaji kurudia dozi baada ya wiki kadhaa, na akirudi majini ataambukizwa upya. Makovu yaliyokwisha kujengeka ukeni hayaondoki yote, na ndiyo sababu natamani kila msichana wa maeneo haya apate tiba mapema, akiwa bado shule ya msingi. Kichocho kikiachwa kinaweza kuleta ugumba, mimba kutunga nje ya kizazi, na kuongeza hatari ya kuambukizwa VVU. Daktari asiyejua hali ya usichana wake asimwingize chombo cha uchunguzi bila ridhaa yake na yako. Kwa umri huu mkojo na maelezo vinatosha kuanza tiba.

Watoto wengine nyumbani nao wapimwe. Maji ya kuoga yakichotwa na kuachwa ndani ya chombo siku mbili, vijidudu hivyo hufa, maana haviishi zaidi ya hapo bila kumpata mtu. Kwenye majaruba, viatu vya mpira virefu husaidia kwa anayeweza kuvipata. Na kila mtu akojoe chooni, mbali na lambo, kwani bila mkojo wenye mayai kuingia majini konokono hawaambukizwi.

Shikamoo si kwangu, daktari, maana nina miaka 59. Tangu hedhi ikome nimekuwa mkavu, nawashwa, na nimepata UTI mara tatu mwaka huu, zilizothibitishwa kwa kuotesha mkojo. (Bibi wa wajukuu watano, Moshi)

Shikamoo mama. Umefanya vizuri kuotesha. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua, ngozi ya uke na ya mrija wa mkojo huwa nyembamba, na laktobasila hupotea. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, kila usiku kwa wiki mbili kisha mara mbili kwa wiki, hurudisha hali hiyo na kupunguza UTI. Haipatikani katika kila famasi; daktari wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya rufaa ataweza kukuandikia, baada ya kukuuliza kama umewahi kuugua saratani ya matiti. Na ukiona damu kwenye mkojo bila maumivu, au damu yoyote ukeni baada ya hedhi kukoma, usiihesabu kuwa UTI hata siku moja. Iangaliwe haraka, kwa kuwa saratani ya kibofu, ya kizazi na ya mlango wa kizazi huanza hivyo.

Habari za kazi, Daktari. Mke wangu alitokwa na uchafu wa njano wenye povu, akapimwa, akakutwa na trikomona. Ameambiwa nami nimeze dawa. Mimi sina dalili yoyote. Nimeze za nini? Tena nataka kujua ni nani kati yetu aliyeleta ugonjwa huu nyumbani. (Mume, Mwanza)

Umeze, kaka, tena wiki hiihii. Trikomona ni kimelea kinachoenezwa kwa tendo la ndoa, na ni kati ya magonjwa ya zinaa yanayotibika yaliyoenea zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 156 duniani kwa mwaka 2020 pekee. Wanaume wengi hukibeba bila kuhisi chochote. Mkeo akitibiwa peke yake atapona, na utamwambukiza tena mara ya kwanza mtakapokutana, kisha mtadhani dawa haifanyi kazi. Dawa ni metronidazoli. Mwanamke hupewa kwa siku saba, na wewe utapewa dozi yako kituoni. Msikutane kimwili mpaka wote mmemaliza dawa na siku saba zimepita, au mtumie kondomu. Mkeo apimwe tena baada ya miezi mitatu.

Wakati huohuo mpimwe wote wawili kisonono, klamidia ikiwezekana, kaswende na VVU, kwa sababu magonjwa haya husafiri pamoja, na kisonono na klamidia zikiachwa kwa mwanamke hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Mkeo akiwa na maumivu chini ya tumbo au homa, asisubiri miadi.

Swali lako la pili kipimo hakiwezi kulijibu. Trikomona inaweza kukaa mwilini kwa miezi mingi, hata zaidi, bila dalili, kwa hiyo haionyeshi iliingia lini wala kwa nani. Nimeona ndoa zikivunjwa na wanawake wakipigwa kwa sababu tu wao ndio walioonyesha dalili na kuthubutu kwenda hospitali. Mkeo amekuletea habari iliyowasaidia wote wawili. Mshike mkono mwende naye kituoni, ukapewe dozi yako siku hiyohiyo.